Balo Ilikuwa Moja

Katika wimbo wa mwisho wa albamu yangu ya kwanza, katikati ya ubeti wa pili, sauti ya mwanamke inanikatiza: "Hapana! Balo ilikuwa moja!" Mimi nanyamaza, mdundo unaendelea peke yake, kisha mtu anakohoa. Waendesha toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, ndio waliousambaza wimbo huo Kisangani nzima kwa viredio walivyofunga kwenye usukani. Watangazaji wameniuliza mara nyingi kama ule ni mchezo tuliopanga. Na siku hizi nikipanda jukwaani, watu wananiwahi, wanapiga kelele "Moja!" kabla hata sijafika pale.

Hatukupanga kitu. Mwanamke huyo ni mama mkubwa, dada ya mama yangu, ndiye aliyenilea, na albamu yote niliirekodi katika depo yake, ghala la mitumba.

Anauza mitumba kwa jumla. Inakuja katika mizigo mikubwa iliyobanwa kwa mikanda, ndiyo tunayoiita balo, na wakati ule ilikuwa imepangwa hadi karibu na mabati. Wateja walitoka Bengamisa, Yangambi, Ubundu. Mimi nilikuwa namsaidia kuuza, na wateja wakikosekana nilijificha kati ya balo na kurap peke yangu. Huko ndiko nilikogundua kwamba sauti ikitoka hairudi. Nikamleta rafiki yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kompyuta na maikrofoni moja. Alipiga makofi kati ya balo, akasikiliza, akapiga tena, akaanza kucheka. Studio za mjini zilikuwa mbali na uwezo wangu, na kumbe nilikuwa nafagia studio kila asubuhi.

Mama mkubwa alikubali, ila kwa masharti. "Mukuye siku ya Mungu, kisha misa. Na hapana matusi, hapa ni fasi ya kazi."

Basi kila Jumapili mchana sisi tulirekodi ndani, na yeye alikaa nje mlangoni juu ya kigoda, akitupa mgongo, akiwazuia majirani wasigonge. Hakuuliza hata siku moja nilikuwa nasema nini. Nilidhani ananionea haya: msichana anayerap, tena kwa Kiswahili, wakati wakali wa mji wanarap kwa Lingala. Nilijifanya sijali. Nina kiburi, sikatai.

Tatizo ni kwamba kuta za studio yetu zilikuwa zinauzwa. Kila Jumapili tulikuta chumba kingine. Ukisikiliza vizuri, wimbo wa sita una sauti nyembamba kidogo, kwa sababu wiki ile makoti ya watoto yalikuwa yamekwisha. Tulisukuma balo zilizobaki tukatengeneza pembe, na mgongo wangu unazikumbuka mpaka leo.

Ukabaki wimbo mmoja. Rafiki yangu alikuwa amepata kazi Kinshasa, na Jumatatu angepanda boti na kompyuta yake. Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho. Tukiikosa, hakuna albamu. Jumamosi, habari ikaenea kwamba treni ya Ubundu inaondoka. Treni yetu huondoka kwa nadra, na anayeijua anajua kwamba ikitajwa hakuna kujiuliza, unanunua kila unachoweza na kukimbilia stesheni. Mimi nilikuwa kwa fundi, natengenezesha waya wa maikrofoni. Niliporudi depo nikakuta sakafu tupu ya saruji, imeshafagiwa.

"Batu ya Ubundu balikamata yote," mama mkubwa akasema.

"Ulijua kama kesho ni siku ya mwisho!"

"Nilijua. Lakini balo haiko ukuta. Balo ni ya kuuzisha."

Nikamwambia: "Unapenda balo zako kuliko mimi."

Alichukua ufagio akafagia tena pale palipokuwa safi. Jioni sikugusa chakula chake, na kilikuwa pondu, yaani kisamvu, na samaki, kwa hiyo ujue hasira yangu haikuwa ndogo.

Kesho yake sikwenda misa. Nilifika depo ili tu nimuage rafiki yangu. Nilimkuta anapiga makofi na kutikisa kichwa. Kila kofi lilikuwa linamrudia. Hapo mama mkubwa akaingia, bado yuko na kitenge chake cha kanisa, na nyuma yake wanawake watano wa kwaya, wote sita na mablanketi vichwani. Hakunisalimu.

"Bon," alimwambia rafiki yangu. "Utuonyeshe fasi ya kusimama."

Walinizunguka bega kwa bega, wakainua mablanketi juu ya vichwa vyao, katika joto lile la mchana. Rafiki yangu akapiga makofi. Halikurudi hata moja.

"Iko bien! Donc, bamama, hakuna kuongea."

"Hata kukohoa?" mmoja akauliza.

"Hata kukohoa."

Sasa shida ilikuwa yangu. Wimbo uliobaki ulikuwa unamhusu yeye. Niliuandika kwa siri, nikitaka ausikie siku moja kwenye simu ya mtu, mimi nikiwa mbali. Na sasa alikuwa mbele yangu, uso kwa uso, na maneno ya jana yangali kati yetu. Niliona aibu. Lakini sikuwa na wimbo mwingine.

Ubeti wa kwanza ukapita. Katika wa pili nilisimulia alivyotoka Butembo juu ya lori, mtoto mmoja na balo mbili. Ndipo akapiga ile kelele.

Yule wa kukohoa akakohoa. Mimi nikapandwa na hasira upya.

"Koko mwenyewe aliniambia mulitoka na balo mbili!" Koko ni bibi yangu, mama yake mzazi.

"Butembo zilikuwa mbili." Mikono yake ilikuwa bado juu na blanketi. "Mu njia tulibadilisha lori. Chauffeur akasema fasi haitoshe: ao balo mbili, ao balo moja na mutoto. Nikashusha moja. Wewe ukakaa pale balo ilikuwa." Akavuta pumzi. "Sasa imba, mikono inachoka."

Rafiki yangu hakuwa amezima kitu. Mdundo ulikuwa bado unaenda, na niliingia pale pale aliponikatiza, nikaimba mpaka mwisho bila kurudia. Wanaosema kwamba katika ubeti ule naigiza kilio, siigizi. Baadaye rafiki yangu aliondoa mazungumzo, akaacha kelele na kikohozi. Nilimwomba asivifute.

Wanawake walishusha mikono, wakacheka, wakajinyoosha migongo. Niliwashukuru mmoja mmoja. Mama mkubwa alinipa ncha mbili za blanketi lake.

"Kamata kule, tukunje."

Tulikunja mara moja, mara mbili, hadi mikono yetu ikakutana katikati. Hapo nikamwambia anisamehe kwa maneno ya jana.

Alichukua blanketi, akaliweka kichwani.

"Pondu yako iko mu nyungu," akasema. "Nilikuachia na samaki."