Meza ya Pumba

Paskazia alirithi karakana ya baba yake, nyuma ya soko pale Geita, akiwa na miaka ishirini na mbili. Wanaume waliokuja kuagiza milango walimuuliza fundi yuko wapi. "Unaongea naye," aliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye randa. Miaka kumi na tisa baadaye hakuna aliyeuliza tena; wote walimjua Mama Rhoda, kwa jina la bintiye. Milango yake ya mninga ilikuwa kwenye nyumba za wanunuzi wa dhahabu mpaka Kharumwa.

Mwaka jana alialikwa kwenye semina ya mafundi na wauza mbao, katika ukumbi wa hoteli moja mjini. Mtoa mada, bwana mmoja aitwaye Benjamini, alionyesha ukutani chati ya biashara ya mbao ngumu, nchi kwa nchi. Gabon, alisema, walizuia magogo yasisafirishwe nje ya nchi tangu mwaka 2010; anayetaka mti wao aje aupasue hukohuko. Vietnam wananunua mbao Afrika na kwingineko, kisha wanauza samani dunia nzima. Tanzania ilikuwa mstari mwembamba, chini kabisa.

"Sisi tunauza nini huko nje?" Paskazia aliuliza.

"Zaidi ni mbao zilizopasuliwa tu, Mama Rhoda. Soko lipo. Tuongeze."

"Vietnam kuna mninga?"

"Hakuna, mama."

"Kwa hiyo wao watengeneze, sisi tuongeze kukata?"

Watu waliguna. Benjamini alitabasamu, akasema tatizo ni kwamba mafundi wetu hawajafikia ubora wa kimataifa.

Hapo damu ilimpanda Paskazia. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza kuu, akavuta kitambaa, chupa za maji zikabiringika chini. Meza ilikuwa na rangi nzuri ya mninga. Alitoa patasi kwenye mkoba, akabandua ukingo. Rangi ile ilikuwa karatasi. Chini yake mlikuwa na pumba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zikamwagika kwenye zulia.

"Ubora wa kimataifa ndio huu?" alifoka. "Mbao yetu inaondoka nzima, tunarudishiwa pumba, halafu unakuja kututukana hapa!"

Masudi, fundi mwenzake, alimshika mkono. "Shemeji, yatosha."

"Haijatosha!"

Mlinzi alimtoa nje. Meneja wa hoteli akadai alipwe meza yake. Kwa siku nne Paskazia alifanya kazi akiwa amenuna, akaunda meza ya mninga mtupu isiyo na msumari hata mmoja. Aliipeleka hotelini kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Meneja aliizunguka mara mbili, akasema haifanani na zile nyingine.

"Ni kweli," Paskazia alisema. "Haifanani." Akamwachia palepale mlangoni, akaondoka.

Jioni hiyohiyo aliwakusanya Masudi na mafundi wengine watano. Wakaandika barua wilayani: samani za ofisi na shule ziundwe na mafundi wa hapa, kwa mbao za hapa. Kwa miezi minane walijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Barua ya pili Paskazia aliipeleka mwenyewe. Karani alimwambia aiache tu, ataipitia.

"Gonga muhuri wa kupokelewa kwanza," Paskazia alisema, akaegemea dirisha kwa viwiko vyote viwili. Foleni nyuma yake ikaanza kulalamika. Hakugeuka.