Mama Asiyesalimia Wagonjwa

Juzi sokoni Kiseke, nesi aliyenitibu alinipita akikodolea macho nyanya, kana kwamba hajawahi kuniona. Nilicheka, nikamkumbuka mama.

Mama naye alikuwa nesi, na mimi utotoni niliamini ana ugonjwa wa kusahau watu, maana alipishana na wagonjwa wake bila salamu. Mchana mmoja tulikuwa kwenye mabanda ya mitumba, harufu ya mapanki, yale mabaki ya samaki sangara, yakikaangwa imetanda kila mahali. Nikamwona baba mmoja niliyemkuta zahanati nilipompelekea mama chakula. Niliamua kumsaidia mama.

"Shikamoo baba!" nikapaza sauti. "Mama, si huyu uliyemchoma sindano jana?"

Shati ambalo yule baba alikuwa akijipimia likamponyoka. Mkewe akageuka. "Sindano ya nini?"

Mama akaangua kicheko. "Mzoee tu, dada. Huyu kila anayemwona anadhani nimemchoma sindano."

Muuza mitumba akainua mikono. "Mimi bado!" Tukacheka wote, yule baba kuliko sisi sote.

Njiani mama alinivuta sikio, taratibu. "Mgonjwa akinisalimia, namjua. Asiponisalimia, simjui."

Nikaona ugonjwa umezidi. "Pole, mama," nikamwambia.