Swali la Mzee Ngonyani

Kila nikipita Lumemo, kwetu Ifakara, wakati watu wanachoma matofali, harufu ya pumba za mpunga zinazoungua polepole hunirudisha uani kwa bibi yangu, na kabla sijasalimia mtu huwa nimeshaanza kushuku. Wenzangu harufu za utotoni huwaletea maandazi na sikukuu. Mimi hiyo yangu huniletea mashaka, kwa sababu msimu ule tuliomshuku Dada Beata, moshi wa pumba ulikaa mtaani kwetu mpaka nguo zikanuka.

Beata alipanga chumba cha nyuma kwa bibi. Alikuja na kifurushi kimoja, akasema anatoka mbali. Sasa Ifakara "mbali" si jibu. Bonde letu limejaa watu wa kuja: Wasukuma na ng'ombe wao, watu wa mikoa yote waliofuata kazi za miwa kule Kidatu, na sisi Wapogoro na Wandamba tunaojiona ndio wenyeji. Ndiyo maana ukishaitikia salamu, swali linalofuata ni kabila gani. Huulizwi ili ubaguliwe. Unaulizwa ili ijulikane kama wewe ni mtani.

Kwa msiokulia kwetu, mtani ni mtu wa kabila ambalo babu zenu walipigana nalo zamani, wakachoka kuzikana, wakakubaliana watukanane kwa kicheko badala ya kuchomana mikuki. Mtani anaingia jikoni kwako, anafunua chungu, anakula, na ukikasirika aibu ni yako. Siku ya msiba yeye ndiye wa kushughulika na kaburi, na mzaha wake hauachi hata hapo.

Mtani wa bibi alikuwa Mzee Ngonyani, Mngoni wa Songea, fundi baiskeli mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alikuwa anabeba kuku wa bibi mchana kweupe, na bibi anamfuata na mwiko huku machozi ya kicheko yanamtoka. "Wangoni wezi tangu enzi za mababu!" Naye anajibu, "Na Wapogoro mbio tangu enzi hizohizo!" Mimi nilidhani dunia yote inaishi hivyo.

Beata aliulizwa kabila na bibi, akasema maji yanachemka. Jirani akamuuliza, akasema kichwa kinamuuma. Alikuwa mpole, shikamoo yake haikukosekana hata siku moja, lakini Kiswahili chake kilikuwa na mkunjo ambao hatukuujua. Alikwenda kisimani wakati wengine wamesharudi. Barabarani alipenda kupita ukingoni, karibu na majani. Kile kifurushi hakukifungua moja kwa moja. Alitoa nguo, akafua, ikikauka akairudisha na kufunga fundo upya. Haya yote niliyaona mimi, maana nilikuwa na macho ya kunguru na kazi chache. Nikakata shauri kwamba yule ni mumiani, na damu za watoto zimo kwenye kifurushi.

Bibi alinicheka. "Mke mwenzangu, mumiani gani anaamka kunifagilia uwanja?" Lakini siku hizo hizo nikamwona naye ameanza kufunga mlango wa kati, ambao tangu nizaliwe ulikuwa wazi. Lisemwalo lipo, walisema majirani, na kama halipo laja.

Kazi ya Beata ilikuwa kupepeta kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Siku moja bibi alinituma chenga za kuku, nikawa nimesimama pale wakati Mzee Ngonyani anaingia. Alikuwa ametoka shambani, panga mkononi, kama mwanamume yeyote wa bonde letu saa zile. Akasimama mbele ya Beata na kupaza sauti yake ili wote tufaidi.

"Binti, umekaa na sisi vya kutosha. Kabila gani wewe, nijue kama nikuoe au nikuzike?"

Watu waliangua kicheko. Kwetu huo ni ukarimu kabisa. Ni kama kuvutiwa kigoda. Beata hakumtazama usoni. Alimtazama mkono. Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika vumbini, naye akatoka mbio kwa mlango wa pumba, pekupeku, na kandambili zake zikabaki pale sakafuni.

Baada ya hapo nani angemtetea? Mwenye kosa ndiye hukimbia. Mmoja alisema ameua mtu kwao, mwingine akasema ni jasusi, na kuku wawili waliokufa kwa kideri wakahesabiwa juu yake. Siku iliyofuata balozi wa nyumba kumi aliitisha watu uani kwa bibi. Ilishasemwa wazi: ajitambulishe, la sivyo ahame.

Beata alitoka chumbani na kifurushi begani, tayari. Nilishika khanga ya bibi kwa nguvu, na nakiri nilitamani kuona damu zikitoka mle ndani.

"Dada yangu, hatuna ugomvi na wewe," balozi alisema. "Taja kabila tu, tulale."

Beata akakaza fundo la kifurushi. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kwetu Rwanda swali hilo liliulizwa barabarani, na wenye mapanga. Mume wangu alijibu. Watoto wangu hawakuulizwa, jibu la baba yao lilitosha. Mimi sijibu tena."

Ya Rwanda tulikuwa tumeyasikia redioni, tukasikitika, kisha tukatafuta mpira. Hakuna aliyefikiria kwamba habari ya redioni inaweza kupanga chumba cha nyuma.

Mzee Ngonyani aliinuka, akaondoka bila kuaga. Watu wakadhani amekasirika. Kumbe alikwenda tu kuliacha kwake panga alilokuja nalo. Aliporudi hakumsemesha mtu. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye jiko la mkaa la Beata, akafunua sufuria, akatoa kipande cha muhogo na kukila kikiwa cha moto, mdomo wazi, anapuliza kama anayejaza tairi.

"Nimekula kwa mtani wangu," alisema. "Anayetaka kujua kabila lake aniulize mimi. Na mimi sijui."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Balozi akakohoa, akasema basi, kikao kimekwisha. Beata hakucheka. Alirudi ndani akafunga mlango, na nilisikia akisogeza kitanda mlangoni kama kawaida yake. Ilipita masika nzima ndipo siku moja akaingia kibandani kwa Mzee Ngonyani, akachukua pampu ya baiskeli bila kuomba, akatoka nayo. Mzee alimkimbiza hadi kisimani akipiga kelele za wizi, na sijawahi kuona mtu aliyeibiwa akiwa na furaha vile. Jioni ile nguo za Beata zilibaki kwenye kamba, na fundo la kifurushi likawa limefunguliwa.

Nilipokuja kusoma sheria Dar es Salaam, mwalimu alitueleza kwamba zamani mtawala na watu wake walihesabiwa kama mfugaji na kuku wake: akiwachinja, jirani hayamhusu. Muuaji wa mtu mmoja alinyongwa. Muuaji wa kabila zima hakuwa hata na jina la kosa lake. Mwanasheria mmoja ambaye ndugu zake waliteketea vitani ndiye aliyelitafutia jina, akawafuata wakubwa wa mataifa mlango kwa mlango mpaka likaandikwa kwenye mkataba. Sisi tunaliita mauaji ya kimbari. Na mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa hapa hapa kwetu, Arusha, kwa ajili ya watu wa Beata.

Mwalimu alisema kiini cha kosa ni nia: wamekufa kwa sababu tu ya kundi walilozaliwa ndani yake. Wenzangu waliandika. Mimi nilisikia harufu ya pumba, nikaona mchele umemwagika. Nikaelewa kwamba tulipomshuku Beata, yeye alikuwa anatushuku sisi, na kati yetu mwenye sababu alikuwa yeye.

Mzee Ngonyani alipofariki, Beata, mvi zimemjaa, ndiye aliyetangulia kushughulika na kaburi kama mtani, akamzomea kwa kulala kabla hajarudishiwa pampu yake. Tulicheka huku tunalia.

Mimi nimekulia bondeni, kwa hiyo mpaka leo nikiulizwa kabila hujibu, na hucheka. Ila kwanza namtazama mikono anayeuliza.