Maji ya Ukoko

Juzi nilirudi kisiwani Nosy Be kumwona mjomba, ambaye siku hizi ni mzee wa kushikwa mkono hadi kanisani. Tulipomaliza kula, mkewe alimimina maji kwenye sufuria yenye ukoko wa wali, akairudisha motoni. Harufu ile ilipopanda nikawa mtoto tena, nimechuchumaa uani kwa bibi, mtaa wa Antanimasaja, mjini Mahajanga.

Kama umewahi kunywa maji ya ukoko, huna haja ya kuelezwa. Sisi Wamalagasi tunayaita ranovola, na hatusemi tumeshiba mpaka tuyanywe. Kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa na kuwazuia binamu zangu wasibandue ukoko kuutafuna, kazi ngumu kweli, maana mdokozi mkubwa nilikuwa mimi.

Kwa bibi, sufuria ile ilikuwa na kazi nyingine. Likitokea jambo zito, mtoto mgonjwa au posa ya kutilia shaka, alibandika maji ya ukoko, akajitanda shuka lake jeupe la kanisani na kupiga magoti palepale jikoni. Hakuna kuzungumza mpaka amalize. "Jambo haliamuliwi likiwa la moto," alisema. Shida ni kwamba akishaanza kumweleza Mungu habari zetu hakujua kufupisha. Maji yalichemka, yakakauka, ukoko ukaanza kuungua, na hapo jirani yetu, mjane wa Kingazidja kutoka Komoro, aliyetuletea mikate ya kumimina kila Idi, alipita kwenye upenyo wa ua kuja kuiepua kwa pindo la leso yake. Mwislamu yule aliokoa sufuria nyingi za sala za Kikristo.

"Dada, Mungu keshasikia," alimwambia bibi. "Sasa na sufuria ipumzike."

Kisha, katika miaka ya sabini, fujo zikazuka mjini. Watu wenye asili ya Komoro wakawa wanasakwa nyumba kwa nyumba. Jirani alijifungia ndani, hata moshi wa jiko lake hatukuuona tena. Mjomba akaja na boti kutoka Nosy Be kutuchukua.

"Mama, boti inarudi Nosy Be mchana huu. Twende. Tukikutwa tunamficha mtu, tutachomewa nyumba."

"Na jirani?"

Bandarini wangemtambua, na sote tulilijua hilo.

Bibi hakubishana naye. Alibandika sufuria, akapiga magoti. "Bwana, nina wajukuu na nina jirani. Nionyeshe njia." Akabaki magotini, akingoja. Niliogopa kuondoka na niliogopa kubaki. Maji yakachemka, yakakauka, moshi wa ukoko ukajaa uani, na hakuna aliyethubutu kuinuka.

Ndipo ua ukatikisika. Jirani aliingia mbio, leso mkononi, akaepua sufuria kama alivyoiepua siku zote. Mazoea yalimtoa nje kabla hofu haijamzuia. Alipotambua alichofanya, akageuka kuutazama upenyo alioingilia, sufuria bado iko mikononi.

Bibi alifumbua macho, akamwona. "Amina," akasema. Kisha akamgeukia mjomba: "Boti na iende."

Jioni ile watu walikuja mlangoni. Walitukuta tumepiga magoti, vichwa vya wanawake vyote vimefunikwa mashuka meupe. Mjomba, yeye aliyetaka tuondoke, ndiye aliyewafungulia, akawaambia kwa Kimalagasi kwamba nyumba nzima iko kwenye sala. Na ilikuwa kweli. Jirani alikuwa kati yangu na bibi, akinong'ona sala yake ya Kiislamu, bega lake likigonga langu. Wale watu wakaenda zao.

Mambo yalipotulia, jirani alipanda meli kwenda Ngazidja pamoja na wenzake, na hatukuonana tena. Bibi alifariki sisi tukiwa tumeshahamia Nosy Be. Pale kwenye upenyo wa ua, nasikia, kuna ukuta wa matofali. Nawakumbuka wote wawili kuliko ninavyoweza kusema.

Nyumbani kwangu natumia jiko la gesi. Nikipatwa na jambo zito nabandika maji ya ukoko, nafumba macho, namwuliza Mungu. Mara nyingi sisikii kitu. Ukoko ukianza kuungua siinuki upesi. Nasikiliza kwanza upande wa mlango wa uani.