Mshale Ulioshuka Nasi Mbamba Bay

Mume wangu na kaka yangu walikuwa mafundi wote wawili, na kwa miaka miwili kila mmoja alimwita mwenzake mharibifu. Mimi nilikuwa katikati, na lori lilikuwa langu. Nasema langu kwa makusudi, maana watu wa Mbinga walikuwa wakimwamkia mume wangu "tajiri" na mimi wakiniuliza kama nimepata lifti.

Lenyewe lilikuwa mwili wa gari moja na injini ya petroli ya gari jingine. Miaka hiyo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, spea za mtumba zilijaa Dar es Salaam, na mume wangu, ambaye ushirika ulikuwa umempunguza kazini, aliunganisha vyuma ambavyo wenyewe waliovitengeneza hawakuwahi kuvikutanisha. Hata kabureta aliichonga, akaitilia skrubu yake ya kuongeza na kupunguza petroli. Na lilikwenda, jamani! Tulishuka Mbamba Bay kuchukua usipa, hao dagaa wetu wa ziwani, tukapanda nao hadi sokoni Mbinga. Kabla ya hapo nilikuwa napanda mlima ule juu ya magunia kwenye magari ya watu, mvua yangu, jua langu. Kwa hiyo asinishangae mtu nikisema lori lile nililipenda.

Basi injini ikaungua kwenye kona moja ya mlima ule. Tukahangaika tukapata nyingine, nayo ikaungua palepale mlimani, mzigo ukiwa mgongoni, valvu zimeliwa.

Mume wangu hakuwa na shaka mkosaji ni nani. Kila tukifika nyumbani Mbinga gari lilitoa moshi mweusi, na plagi ukizifungua ni masizi matupu. "Shemeji ameichezea tena," anasema, anapunguza petroli. Tukishuka ziwani, kaka yangu, aliyekuwa akitengeneza mashine za boti, anafungua plagi zilezile anazikuta nyeupe pe. "Dada, mumeo anaibania hii injini petroli. Ataiua." Anaongeza. Tukipanda, moshi. Ikawa ndiyo maisha yetu. Ilipoungua ya pili kaka aliapa kwamba safari ile, kama ile ya kwanza, hakuigusa kabisa. Mume wangu akasema aliigusa kwa siri, na tangu siku hiyo hakutia tena mguu kwa shemeji yake.

Tulipofunga injini ya tatu akanitangazia mezani, "Ikiungua ya tatu, nauza chuma chakavu. Turudi Matiri kwa mama tukalime kahawa." Mama mkwe wangu alinipenda, Mungu ambariki, ila jembe halikunipenda hata siku moja.

Nilipopeleka usipa wakavu Dar es Salaam nikaingia duka la spea za mtumba, nikamweleza mwenye duka msiba wangu wote, na ugomvi wa mashemeji, na moshi wote. Alinisikiliza kama daktari. Kisha akachakura kwenye sanduku la makorokoro akatoa kitu kama plagi chenye nyaya, na geji ya mviringo yenye mshale. "Hii sensa unaifunga kwenye ekzosti, bomba la moshi," akasema. "Inapima moshi. Mshale ukilala kushoto, petroli ni haba, injini inaungua. Kulia, petroli imezidi. Unautaka katikati. Ila petroli yetu ina madini ya risasi yanayoiua sensa, haitadumu. Iulizeni maswali yenu mapema."

Nilipofika nyumbani mume wangu aliitazama kama nimemletea mke mwenza. "Nimefunga injini tangu hujavunja ungo, leo nifundishwe na saa?"

"Saa haina ugomvi na shemeji yake," nikamwambia.

Ilimchukua siku tatu kukubali. Alitoboa ekzosti karibu na injini, pale mabomba yanapokutana, akachomelea nati, akaikaza sensa humo. Nyaya mbili akazipeleka kwenye swichi, maana sensa haifanyi kazi mpaka ipate moto, na wa tatu kwenye geji, ambayo aliifunga mbele ya kiti changu. Tukawasha. Mshale ukalala kushoto, ukagoma kunyanyuka. "Saa yako imekufa," akacheka. Nikainama chini ya gari, nikasikia tsss, tsss. Juu kidogo ya sensa palikuwa na ufa alioufunga zamani kwa bati la kopo na waya. Hewa ya nje ilikuwa ikiingia humo na kumdanganya mpimaji. "Na hili bati, nalo kafunga kaka yangu?" nikauliza. Alichomelea ule ufa, na tulipowasha tena mshale ukapanda.

Akarekebisha skrubu, akaliendesha lori na mzigo wa mahindi mpaka kwenye kilima cha kutokea mjini, nami nikimsomea, mpaka mshale ukasimama katikati kabisa. "Umeona?" akasema. "Fundi ni nani?" Nikakiri, maana jambo lilikuwa wazi.

Kesho yake tukashuka. Sehemu za tambarare, kila alipokanyaga mafuta, mimi nilisoma. Katikati. Katikati. Tukateremka zaidi, joto likaanza kutuingia kebini, nikasoma, kushoto kidogo. Akasema nisome vizuri. Tulipofika chini karibu na ziwa alikanyaga kwa nguvu, na mshale ukalala kushoto kabisa, kulekule kwa kuungua.

Akasimamisha gari. "Nani ameigusa?"

"Nani tena? Si tuko wawili humu tangu Mbinga!"

Akatoka, akafungua boneti, akaiangalia skrubu. Ilikuwa pale pale alipoiacha. Alikaa kwenye bampa, nikaanza kumwonea huruma. Mimi ndiye niliyelisema jambo lenyewe, kwa sababu mimi ndiye mpishi. "Baba Watoto, kwani maharage ya Mbinga na ya huku yanaiva sawa? Kule juu unayachochea mpaka unachoka. Hewa ya kule si ya huku."

Aliniangalia. "Hewa ni nyingi huku," akasema polepole. "Petroli niliyoipima kule haiitoshi." Akaikamata skrubu, akaifungua kidogo kidogo, nami nikisoma ndani, mpaka mshale ukarudi katikati. Halafu akasema: "Hapa ndipo shemeji alipokuwa akiiweka."

Hakuniuliza kama twende. Aliliendesha lori moja kwa moja hadi kwa kaka yangu, akamkuta ufukweni na mashine ya boti imefunguliwa vipande. Hawakuwa wamesalimiana karibu mwaka mzima. Kaka alisimama na grisi mikononi, amekunja uso, na mimi nikamwomba Mungu wangu.

"Shemeji," mume wangu akasema, "ulisema ile safari hukuigusa."

"Sikuigusa."

"Najua. Ingekuwa uliigusa, ingepona. Injini zote mbili nilizichoma mimi."

Kaka alijifuta mikono kwa kitambaa taratibu mno, nikajua anatafuta pa kuweka macho. "Na mimi nilikuwa nakujazia petroli," akasema, "nakuacha upande nayo hadi Mbinga ukiwa jitu la moshi, nikikuona mjinga."

Tulipakia usipa mpaka lori likadidimia. Tukapanda watatu, mimi katikati yao nikisoma mshale. Ulipoanza kuegemea kulia mume wangu alisimamisha lori, na walishuka wote wawili, wakabishana kama ni robo ya mzunguko au chini ya hapo, wakapunguza petroli, wakaichora skrubu alama. Wakafanya hivyo tena huko mbele. Kona iliyoua injini mbili tuliipita mimi nikiwa nimefumba macho, na niliposikia injini bado inavuta, nikayafumbua, nikalia kwa sauti, kebini, kati ya wanaume wawili ambao hawakuniuliza nalia nini, kwa sababu walikuwa bado wanabishana.