Chombo Kisichovuja

Mama Mkubwa ana kijiba cha roho. Nalisema mapema ili msije mkadai nimemsengenya, maana mwenyewe analijua, na mimi ndiye ninayeishi naye, ninayempikia na kumfulia. Ni dada wa mama yangu, tumbo moja, na ndiye mkalafati anayesifiwa kuliko wote katika karakana ya meli. Kazi ya mkalafati ni kuziba nyufa kati ya mbao za chombo. Unasokota pamba, unailoweka mafuta, unaipigilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao mpaka ufa ukatae hata unywele. Ukikosea, watu wanakufa maji. Ukipatia, hakuna anayekumbuka kuwa upo. Kwa mtu mwenye wivu, hiyo ni kazi mbaya sana.

Mama yangu alikuwa mdogo wake na kazi aliifunzwa naye. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Zamani watu wa nchi yetu walikuwa wa kubandika viraka kwenye mashua za wengine. Baadaye wakaanza kuunda za kwao, kubwa kuliko za majirani, na haikuchukua muda visiwa vyote vinavyoonekana kutoka juu ya mnara, na vingi visivyoonekana, vikawa vinapandisha bendera yetu. Mfalme akavimba kichwa. Kila himaya ilipopanuka, karakana iliongezwa banda, na dada wale wawili hawakukosa kazi hata siku moja. Meli mpya ikishushwa, desturi ilikuwa mkalafati aingie tumboni mwake peke yake, akae sakafuni na nguo nyeupe kavu, meli izungushwe bandarini. Akitoka nguo ingali kavu, watu wanashangilia.

Wote wawili walitoka wakavu kila mara. Lakini mama alitoka anacheka, anazungusha upindo wa nguo yake watu waone, na watu wakampenda. Mama Mkubwa alitoka amekunja uso kama mtu aliyetoka kufokewa.

"Mimi walinipigia makofi kwa ncha za vidole," aliwahi kuniambia. "Mama yako walimpigia kwa viganja."

Alikuwa amezisikia tofauti hizo, na amezihifadhi.

Mfalme hakutosheka na visiwa. Alituma meli kwenda kuiteka nchi kubwa ya ng'ambo, zikarudi na wagonjwa wa homa. Akatuma nyingine, na safari hiyo nyingi zikavunjikia kwenye miamba kabla mtu hajachomoa upanga. Kwa bahati mbaya zilizovunjika zilikuwa zimezibwa na Mama Mkubwa, na zilizorudi zilikuwa za mama. Mwamba haujali kalafati, kila mwenye akili timamu analijua hilo. Mitaani, hata hivyo, wakasema mdogo ana mkono wenye baraka. Mama Mkubwa akalala kitandani uso ukutani, na mama alipompelekea uji akamwambia auweke chini aende zake.

Mara ya tatu mfalme, kwa aibu, akatangaza kwamba kama nchi kavu imemshinda basi ataiteka bahari yenyewe. Meli zikaenda mpaka penye kina kisicho na mwisho, zikashusha minyororo na kumwaga mapipa ya mafuta yanayowaka. Mashetani wa baharini walikuwa hawana habari nasi hata kidogo. Wakapanda juu kuona ni nani anayewatupia uchafu wake. Hakuna meli iliyorudi, ila wao walifika.

Tangu hapo ikulu imejaa maji mpaka madirishani, nao wanaogelea humo kumbini. Mfalme wetu, yule yule wa bendera nyingi, kazi yake sasa ni kusimama na kata akimmwagia Mkubwa wa mashetani maji mgongoni kila anapoinuka. Anayewakosea anashushwa kilindini na haonekani tena. Sisi wengine tunabeba ndoo za maji ya bahari kupandisha ngazi, kwa sababu shetani wa baharini akikauka anakufa. Huo ndio udhaifu wao pekee. Ndiyo maana watu wa milimani, mbali na pwani, walibaki huru, na kila aliyeweza kukimbia alikimbilia huko.

Mkubwa wao akaitaka na milima pia. Akaamuru liundwe pipa kubwa la mbao kama meli, lenye magurudumu, lijazwe maji ya bahari, akae ndani avutwe mpaka huko. Msimamizi wa karakana, shetani ambaye sisi tulimwita Magamba, akazunguka akiuliza mkalafati bora ni nani. Watu wakamwonyesha mama.

Mtu mwingine angeshukuru kutochaguliwa kuwatumikia mashetani. Mama Mkubwa akaacha kula. Alishinda akifagia mahali palipokwisha kufagiwa, akisema peke yake kwamba nyundo ile, yeye ndiye aliyemwonyesha mtu namna ya kuishika. Na mama akazidisha ubaya bila kujua: akasema ataifanya kazi ile peke yake, asiguse mtu mwingine. Mama Mkubwa alimwomba, naye kujishusha kwake ni kama kung'olewa jino.

"Hata upande mmoja tu, mdogo wangu?"

"Hapana, dada. Hii niachie mimi."

"Unaogopa nitakuharibia?"

"Naogopa mengi. Niachie tu."

Mama Mkubwa akasikia dharau mahali ambapo, sasa najua, palikuwa na huruma. Mama hakutaka dada yake awe na mkono katika jambo lile.

Pipa lilipomalizika, Mama Mkubwa alikwenda karakana wakati wa mapumziko ya mchana, amebeba sahani ya chakula kama kisingizio. Akapanda ngazi, akaingia ndani ya pipa, akapitisha kidole kwenye ufa. Hakukuta pamba. Akajaribu mwingine, na mwingine. Pamba yote ilikuwa imepigiliwa kutoka nje.

Meli inazibwa kutoka nje kwa sababu bahari iko nje, nayo inaisukuma pamba ndani ya ufa. Pipa hili maji yalikuwa ndani. Lingeshika likiwa limesimama, lakini likitikiswa na barabara ya mawe, maji yangezisukuma pamba zikatoka moja moja. Mama Mkubwa aliniambia mwenyewe kwamba moyo wake haujawahi kufurahi kama siku ile. Mwenye mkono wa baraka alikuwa amefanya kosa la mwanafunzi. Akashuka na sahani yake, akaenda moja kwa moja kwa Magamba.

Mama aliitwa mbele ya wafanyakazi wote. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika nguo yake.

"Kwa nini umeziba nje?" Magamba akauliza.

"Mkono umezoea, bwana. Maisha yangu yote ni meli. Nisamehe, nitarudia."

Magamba akafikiri. Wao hawajui kazi ya mbao, na mama aliisema vizuri, kichwa chini, sauti ya mtu aliyechoka. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, mmoja akasema hata yeye angesahau. Magamba akainua mkono wake kumruhusu arudi kazini. Yangeishia hapo.

Mama Mkubwa hakuweza kuvumilia asamehewe.

"Mkono gani umezoea?" akasema. "Nimemfundisha mimi. Jambo la kwanza nililomwambia ni kuangalia maji yako upande gani. Aliziba matangi ya maji ya kunywa ya manowari zote, na yote kwa ndani. Huyu hawezi kukosea hivi. Hakosei hata akiwa na homa."

Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa mama yangu hadharani.

Magamba akamtazama mama upya, akaamuru ashushwe kilindini. Wakati wakimpeleka kwenye ngazi za majini, alipita karibu na dada yake, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Ungeniachia, dada. Angekauka njiani." Kisha akamwambia anitunze. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika shingoni, nikafunikwa uso na kiganja cha Mama Mkubwa.

Kazi akapewa yeye. Hakuna aliyemsimamia kwa karibu, maana alikwisha kuonekana mwaminifu kupita kiasi. Pamba za mama zilikuwa bado ziko nje. Angeweza kubandika nyuzi chache ndani kwa kuwadanganya macho na kuliacha pipa liende. Alizing'oa zote, akaziba upya kutoka ndani, ufa kwa ufa. Pipa lilipita mtaani kwetu kuelekea milimani nikiwa nimesimama mlangoni, na halikudondosha tone. Milima ilisalimu amri kabla ya mvua. Hata leo wakalafati wachanga huletwa kuligusa pipa lile na kuambiwa ni mkono wa nani.

Nilikaa na swali langu mpaka nikawa mtu mzima. Jioni moja tulikuwa tunaanua nguo uani, nikamuuliza.

"Mama Mkubwa, wakati ule ulikwisha kujua. Kwa nini hukuliacha livuje?"

Hakukasirika. Alichomoa vibanio kwenye shuka, akavitia mfukoni.

"Ningeliacha," akasema, "leo tungekuwa huru. Na watu wangemshangilia nani? Mama yako."

Akanipa ncha nyingine ya shuka nimsaidie kukunja, nikaipokea.