Pafu la Kulia la Wifi Yangu

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni Kasongo. Wakati huo wa Wabelgiji, penisilini ilikuwa bado ngeni kwetu. Msimu mmoja wa mvua alishikwa na homa ya kutetemeka. Ubavu wa kulia ulimchoma kila alipovuta pumzi, na makohozi yake yakawa na rangi ya kutu. Mama mkwe alimkanda kwa maji ya moto, akasema ni baridi imemwingia. Midomo ya wifi ilipoanza kubadilika rangi, tukambeba kwa kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, hadi hospitali.

Munganga, daktari aliyetupokea, alilaza kiganja mgongoni mwa wifi, akagonga kidole juu ya kidole. Kushoto palisikika kama kitu chenye uwazi. Kulia, chini, sauti ilikuwa nzito.

"Munganga, unagonga nini?" nikauliza.

Wifi akamtangulia kujibu, akihema. "Anatafuta mafuta yanaishia wapi. Mimi nagonga mapipa vilevile."

Munganga alicheka. Akasema pafu iko kama dodoki, limejaa vishimo vya hewa. Vijidudu vimeingia humo, mwili unapigana navyo, na vishimo vimejaa majimaji.

"Vimetoka wapi?"

"Pengine vilikuwa kooni mwake tangu zamani. Pengine viko hata kwako, mama. Mutu anaweza kuvibeba bila kuugua."

Nilimeza mate polepole. Siku nzima niliwaza koo langu.

Wakamchoma sindano za ile penisilini mchana na usiku. Kila asubuhi nilimsihi munganga anipe ile mipira yake ya masikioni ya kusikilizia kifua, naye akazoea kunipa. Mwanzoni, upande wa kulia, pumzi ilipita kwa ukali, kama mtu anayepuliza bomba. Kisha homa ikashuka, lakini asubuhi iliyofuata nikasikia mchakacho, kama chumvi iliyomwagwa motoni. Nikashtuka.

"Sasa anazidi kuumwa!"

"Hapana. Vishimo vinafunguka. Ni hewa inarudi."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi mlangoni, akainuka.

"Munganga, na mimi nisikie."

Alisikiliza muda mrefu, macho ameyafumba, mkono wake juu ya bega la binti yake.

"Iko upepo," akasema.

Wifi akamwambia anataka sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese mengi, na mama mkwe akatoka kwenda kutafuta kuni za kuipikia.